Simu Aliyoichagua Damaris

Fanuel Mochama alipoondoka Migori kwenda kuchimba dhahabu Tanzania, mkewe, Damaris Nyanchama, alimsindikiza mpaka stendi akamfungia viazi vitamu kwenye gazeti. Kisha akarudi kwenye cherehani yake akiamini kwamba mume angerudi kabla ya Krismasi. Fanuel hakuwa mgeni wa mashimo. Alikuwa amechimba machimbo ya Masara, huko huko Migori, tangu ujana, mpaka mwamba wa huko ukaanza kuwanyima, wenzake wakawa wanavuka mpaka mmoja mmoja kuelekea ng'ambo ya Mwanza. Krismasi ilikuja ikapita. Ikaja ya pili, nayo ikapita.

Hayo yalikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, simu za mkononi bado ni habari ya kusoma gazetini. Mtaa mzima aliokuwa akiishi Damaris ulitegemea simu moja ya mezani, iliyokuwa kwenye duka la dawa la Mama Nyarangi. Nyarangi alikuwa mjane mwenye sauti kubwa, mshiriki mwenzake Damaris katika kanisa la Sabato. Simu ikilia, alitoka barazani akaita jina la anayetafutwa, na jina hilo likapokezanwa mtaani mpaka mwenyewe akafika mbio.

Siku moja ya soko, Fanuel alipiga. Damaris alikuwa Ndhiwa akiuza sare za shule alizoshona. Nyarangi alimsihi Fanuel asubiri kidogo, akauliza huku na huku, akarudi kumwambia kwamba mkewe hayupo.

"Basi mwambie nilipiga," Fanuel alisema, na laini ikakatika. Hakuacha namba.

Tangu siku ile Damaris hakukanyaga Ndhiwa tena. Alihamishia cherehani yake kwenye baraza la duka la dawa, akawa anashona huku sikio moja liko ndani. Simu ililia mara nyingi. Waliitwa wengine. Ikawa ikilia tu, mguu wake unaacha kukanyaga pedali wenyewe, na wateja wakazoea kumsubiri amalize kusikiliza.

Kisha mchimbaji mmoja wa Masara akarudi kutoka Tanzania, akamtafuta pale barazani.

"Mama, mume wako nilimwacha anakohoa," alisema bila kukaa. "Si kikohozi cha kawaida. Amekonda mpaka shati linamning'inia. Ningekuwa wewe, ningeenda kumchukua."

Damaris alikunja kitambaa alichokuwa akishona. Jioni hiyo alimwendea Kerosi, mdogo wake Fanuel, aliyekuwa na pikapu kuukuu ya kubebea omena, dagaa wa ziwani. Kerosi hakuuliza maswali mengi. Alisema atakagua breki, kisha waondoke.

Asubuhi ya safari, Nyarangi alimketisha Damaris kwenye kiti cha wagonjwa ndani ya duka.

"Sikiliza, mwanangu. Kila mji utakaopita, tafuta posta. Nipigie jioni kabla sijafunga. Nitakuwa nimekaa hapa hapa. Kama kuna habari nitakupa. Kama hakuna, utajua hakuna."

"Na habari ikija asubuhi?"

"Itangoja jioni."

"Nimechoka kungoja, Mama," Damaris alisema. "Alipiga mara moja tu, na mara hiyo moja sikuwepo. Safari hii nataka anipate popote nitakapokuwa. Nasikia Isebania, mpakani, kuna mtu anakodisha simu za mkononi za Tanzania."

Nyarangi alitikisa kichwa. Hakuzipinga simu zenyewe, hakuwa hata ameiona moja. Alisema tu kwamba posta anaijua ilipo, na hizo nyingine hajui zinaishi wapi.

Mtu wa Isebania aliitwa Wangwe, Mkuria mpole aliyeuza redio na betri. Wafanyabiashara waliokuwa wakivuka kwenda Mwanza walimwendea awakodishie simu yenye laini ya upande wa pili. Alimtolea Damaris moja, nyeusi, nzito, yenye antena ya kuvuta, akamwonyesha mistari midogo inayotokea kwenye kioo simu inaposhika.

"Itashika kote huko?" Damaris aliuliza.

"Mjini Mwanza inashika vizuri sana, mama. Njiani inapotea. Huko migodini, kusema kweli, mimi sijui. Wengine husema ukipanda kilima unaipata."

"Umesikia?" Damaris alimgeukia shemeji yake. "Ukipanda kilima unaipata."

"Amesema hajui," Kerosi alijibu. "Shemeji, mimi naona tufuate ya Mama Nyarangi. Posta ipo Tarime, ipo Mwanza, ipo Geita."

Lakini Damaris alikuwa ameshaikumbatia simu kifuani. Uzito wake ulimpa utulivu ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu. Alikwenda kwenye kibanda cha simu cha Isebania akampigia Nyarangi, akamsomea namba taratibu, akamtaka naye aisome tena. "Fanuel akipiga, mpe hiyo," alisema. "Mwambie niko nayo mkononi."

Walivuka mpakani Sirari. Njia nzima kupitia Tarime, Damaris aliipakata simu kama mtoto aliyelala. Kioo kilikuwa kitupu. Walipoingia Mwanza, kati ya mawe makubwa na nyumba zilizopanda vilimani, mistari ikatokea yote kwa pamoja. Damaris alicheka kwa sauti. Kerosi akaegesha gari kando, na shemeji yake akabonyeza namba ya duka la dawa.

"Mama! Ni mimi, niko Mwanza! Nakusikia kama uko hapa!"

"Uko Mwanza kweli?" Nyarangi alisema, naye akicheka. "Haya, nimekubali. Simu yako ina maana."

"Fanuel hajapiga?"

"Bado."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho Damaris kucheka katika safari hiyo. Walipanda feri kuvuka ghuba kuelekea Geita, na katikati ya maji mistari ikaanza kupungua. Walipofika ng'ambo haukubaki hata mmoja.

Walihangaika migodini wakiuliza kambi kwa kambi. Lilikuwa eneo la vumbi jekundu na mahema ya karatasi za nailoni, na wanaume walioibuka mashimoni wakiwa hawatambulikani kwa udongo. Kila palipokuwa na kichuguu kirefu au mwinuko, Damaris alipanda na simu yake, akavuta antena, akageuka kila upande. Wachimbaji walimtazama, wengine wakimwonea huruma. Akishuka, Kerosi alikuwa akimwambia jambo lile lile.

"Twende Geita mjini, shemeji. Tupige simu posta."

"Kesho. Pengine pale mbele itashika."

Mvua ilianza, barabara zikawa matope, na hiyo kesho ikawa inasogea. Hatimaye mama lishe mmoja, akikoroga maharage chini ya turubai, alilitambua jina.

"Mochama yule Mkenya? Mbona alishaondoka, dada? Kifua kilimzidi. Wenzake walimpakia kwenye gari la samaki mpaka Musoma, wakasema kule kuna boti za wafanyabiashara zinazovuka kwenda kwenu. Alikuwa anasema anataka kwenda kwa mke wake."

"Lini?"

Mama lishe alifikiri. "Mvua hizi zilikuwa hazijaanza."

Damaris alishika mlingoti wa lile turubai. Aliona kichwani mwake barabara waliyokuja nayo, na ziwa pembeni yake, na mume wake amelala ndani ya boti akielekea nyumbani, wakati yeye akipita nchi kavu kwenda upande mwingine.

"Basi yuko nyumbani," alisema. "Kerosi, yuko nyumbani! Washa gari."

Walipopita Geita mjini posta ilikuwa wazi. Watu walikuwa wamejipanga nje ya kibanda cha simu. Kerosi alipunguza mwendo.

"Tushuke tumuulize Nyarangi kama amefika."

Damaris aliutazama ule mstari wa watu, kisha saa ya Kerosi. "Tukisimama hapa tutaikosa feri. Mwanza simu itashika, nitampigia nikiwa kwenye gari."

Kerosi alikanyaga mafuta. Baadaye maishani alijilaumu kwa hilo zaidi ya alivyopaswa.

Waliipata feri. Lakini Mwanza ilipotokea mbele yao, Damaris alivuta antena akakuta kioo kimezima. Kule kupanda vichuguu na kuiwasha kutwa kucha kulikuwa kumeimaliza betri. Walitafuta nyumba ya wageni yenye umeme, wakakuta umeme umekatika, wakangoja. Ulipokuja kesho yake asubuhi, Damaris alichomeka waya akaketi sakafuni kando ya ukuta, maana waya ulikuwa mfupi. Mistari ikatokea. Akapiga.

"Mama, ni mimi. Fanuel amefika?"

Nyarangi alishusha sauti.

"Damaris, Kerosi yuko karibu nawe? Mpe simu."

"Niambie mimi."

"Mpe Kerosi, mwanangu."

"Niambie mimi!"

Ndipo Nyarangi akamwambia. Boti ilimshusha Fanuel kwenye ufuko wa Karungu, na wasamaria wakampeleka hospitali ya Homa Bay. Namba ya duka la dawa alikuwa nayo kichwani, akamwomba mtu ampigie. Nyarangi alifunga duka akaenda. Alimkuta hai, akili timamu, anaongea kwa pumzi fupi fupi. Fanuel alimlilia Damaris. Nyarangi akampigia Damaris kwa ile namba kutoka Migori, akampigia kutoka Homa Bay, asubuhi na mchana na jioni. Madaktari walifanya walichoweza. Jana, jua likiwa utosini, alikata roho.

Damaris hakulia. Alikaa pale sakafuni na simu sikioni hata baada ya Nyarangi kunyamaza, na Kerosi akaitoa mkononi mwake kidole kimoja kimoja.

Waliendesha siku ile yote. Hawakusimama Migori, walipitiliza Rongo wakashuka mpaka Homa Bay. Nyarangi, aliyekuwa amerudi huko mchana huo, alikuwa akiwangoja nje ya hospitali, amejifunga leso kiunoni, macho yamevimba. Walimpeleka Damaris chumba cha maiti. Alimtazama Fanuel kwa muda mrefu. Alikuwa amekuwa mdogo kama mvulana, na kwenye kucha zake bado kulikuwa na udongo mwekundu ambao Damaris alikuwa amekuja nao hata yeye kwenye viatu vyake.

Kerosi alienda kutafuta mbao za jeneza. Wanawake wawili waliketi kwenye nyasi.

"Mama, alisema nini?"

"Acha, mwanangu. Pumzika kwanza."

"Ni mume wangu. Alisema nini?"

Nyarangi alijipangusa uso kwa ncha ya leso. "Alitaka kuzungumza na wewe yeye mwenyewe. Nilimwambia hupatikani, hakuniamini. Tukambeba kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye simu, karani akapiga, akampa mkonga asikilize. Kuna mwanamke wa mashine anaongea humo. Anasema mteja hapatikani. Fanuel akadhani ni mtu. Akamwambia, 'Dada, tafadhali, niitie Damaris.' Yule akarudia yale yale. Fanuel akamwambia tena, 'Dada, mimi ni mume wake. Niitie.' Mpaka nikamnyang'anya ule mkonga."

Damaris aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Alipoinuka, aliuliza lile lililobaki.

"Alijua kwamba nimeenda kumtafuta?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

Nyarangi angeweza kudanganya. Alijua hivyo, na baadaye alitamani angalau mara hiyo moja angedanganya. Lakini hakuwa mtu wa kudanganya, na alikuwa amechoka.

"Alisema, 'Kwa nini hakungoja?'"

Walimzika Fanuel kwao Kisii, kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya baba yake, mvua ikinyesha. Kanisa lilikuja kwa wingi. Mchungaji alihubiri juu ya asubuhi ya ufufuo, jinsi wafu watakavyoitwa na kila mmoja ataisikia sauti. Waumini waliitikia amina. Damaris alisimama kando ya kaburi. Wakati wa kuimba ulipofika, mama mkwe alimshika mkono ili waimbe pamoja, na wimbo ukaimbwa mpaka ubeti wa mwisho bila yeye kutoa sauti.

Alibaki pale kwa wakwe msimu mzima wa mvua. Alilima, aliteka maji, alichuma majani ya chai alipoambiwa achume. Mtu akimwita kutoka mbali hakuitika, ilibidi afuatwe mpaka alipo na kuguswa bega. Watu walisema masikio yake yameharibika kwa majonzi, wengine wakashauri apelekwe kwa daktari. Kerosi alijua hayakuwa yameharibika; tangu Fanuel amwite asipate jibu, Damaris hakutaka kumwitikia mwingine yeyote. Siku moja alimkuta ameketi ukingoni mwa shamba, jembe limelala, akamwita taratibu, "Shemeji." Damaris hakugeuka. Kerosi akaketi hatua chache nyuma yake, hakumwita tena, na wakakaa hivyo.