Kiti cha Kumi na Tisa

Nyumbani tunamwita Bi Mpekuzi, na jina hilo nilimpa mimi, wifi yake, siku niliyokuwa na hasira. Ukimpa bakuli anauliza limeoshwa na nani. Ukimwambia umefika salama anauliza nani alikuwa anaendesha. Kwa miaka kumi na mmoja ameuza vitu vya watoto katika duka lililo chini ya nyumba yetu, na kila anayenunua kiti cha kumwinua mtoto garini lazima aache namba ya simu. Wengine hukataa. Yeye huwatabasamia tu, hawaachii, mpaka wanachoka wenyewe na kuandika.

Siku moja ikaja barua kutoka kiwandani. Viti vya aina moja, vile vyenye mikanda yake, vina kasoro: kifungo kinalia kach kama kimefunga, kumbe mkanda ukivutwa kwa nguvu kinaachia. Vyote virudishwe, wenyewe wapewe vipya. Mwenye duka alibandika tangazo mlangoni, akajipangusa mikono. "Tumemaliza," akasema. Wifi alimtazama kana kwamba amemkuta anakula sabuni, kisha akaenda kuchukua daftari lake la namba.

Duka lilikuwa limeuza viti kumi na tisa. Kumi na vinane alivipata kwa simu ndani ya siku mbili, na siku hizo mbili nilipika mimi, maana yeye mdomo wake ulikuwa kazini. Cha kumi na tisa kilimtoa jasho. Kwetu kiti cha mtoto hakikai sana kwa aliyekinunua. Mtoto akikua kinafuliwa, anapewa ndugu, na kabla ya kukitoa watu huikata ile lebo ya kiwandani ili zawadi ionekane nadhifu. Basi aliyekipokea hata akisoma tangazo, hajui kama ni chake kinachosemwa.

Fundi cherehani aliyekinunua alikuwa amempa shemeji yake. Shemeji akampa jirani, jirani akampa binamu yake, dereva wa lori la saruji mwenye binti wa miaka minne. Dereva hakupokea simu.

"Twende," wifi akaniambia Jumamosi asubuhi. "Binamu yake anasema leo wanasafiri."

"Kwani wewe ndiye uliyekitengeneza?"

"Mimi ndiye niliyemwambia fundi achukue hicho. Mwenyewe alitaka kingine. Washa gari."

Niliwasha, nikanung'unika njia nzima, na yeye kakumbatia kiti kipya magotini.

Tulimkuta dereva anapakia mizigo kwenye buti la gari lake dogo. Binti ameshafungwa kiti cha nyuma, anatafuna biskuti. Wifi alieleza yote, taratibu, na barua akamwonyesha. Yule bwana akacheka.

"Dada, kiti kizima hiki. Nimemfunga mwenyewe, nimesikia kilivyolia. Semeni tu mnataka kuniuzia kingine."

Mimi nilishageuka kuondoka, uso umenishuka. Wifi hakubishana. Alimwomba amshushe mtoto dakika moja tu, halafu akaomba ule mfuko wa unga uliokuwa kwenye buti. Wakaukalisha kitini. Dereva akafunga mikanda kwa mkono wake mwenyewe. Kach.

"Sasa uvute mfuko. Vuta kama umefunga breki ghafla."

Akavuta mara moja. Kifungo kikaachia, mfuko ukagonga kiti cha mbele, ukapasuka, unga ukatapakaa gari zima.

Dereva alimshika binti yake kichwani na hakuuondoa mkono. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Miaka yote nilikuwa namcheka mwanamke ambaye sifiki hata kwenye nusu yake.

Wifi alikung'uta unga, akafunga kiti kipya, akauvuta kila mkanda mara nne. Ndipo dereva akasema.

"Kaka yangu anacho kama hiki hiki. Lakini yeye alinunua duka lingine."

"Ana watoto?"

"Wawili. Mchana huu anawapeleka kwa bibi yao, na simu yake imeharibika."

"Anakaa wapi?" aliuliza wifi, kalamu mkononi, kisha akageuka kunitafuta.

Nilikuwa nimeshawasha gari.