Kutu ya Bunduki ya Mzee Galgalo

Acha nijicheke kabla hamjanicheka. Hapa Isiolo natengeneza bunduki za askari wa akiba, na kwa majigambo sijambo. Juzi Mzee Galgalo alileta yake kuukuu kutoka Korbesa. Ngamia alikuwa ameikanyaga, akapinda kile kijichuma cha kulengea kilicho mbele ya mtutu. Kesho yake mzee alitakiwa kulinda mifugo malishoni.

“Kutu imekishika,” nikatangaza. Nikagonga kwa nyundo asubuhi nzima, jasho likinitiririka, huku nikiwatukana mafundi wote wa zamani. Hakikutikisika.

Mzee akarudi. “Salaam aleikum, fundi. Umetoa pini?”

“Hii haina pini, mzee. Mimi ndiye fundi!”

Akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua. Mafuta ya mkia wa kondoo yaliyogandamana na vumbi yakatoka, na kichwa cha pini kikang'aa. Nikaigonga mara moja, kijichuma kikachomoka.

“Mjinga gani aliweka pini hapa?” nikafoka.

“Ni wewe, fundi, kiangazi kile,” akasema akitabasamu. “Ukaniambia nipake mafuta isitoke. Haikutoka. Ndiyo maana nimekurudia.”