Mchapaji wa Kigongo Anayetafuta Ng'ombe kwenye Wosia

Saa tatu asubuhi, kivuko kimeshaondoka Kigongo kuelekea Busisi, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria. Kwenye baraza la duka lililo jirani na gati, Suzana Chenge anafuta vumbi kwenye taipureta yake kwa kipande cha kanga kuukuu. Anaingiza karatasi mbili zenye kaboni katikati, anazilinganisha pembe, ndipo anamtazama mzee aliyeketi mbele yake.

"Hao kumi na tisa, babu, wako kwa nani?"

Mzee Mhoja, mfugaji kutoka ng'ambo, anaitazama fimbo yake. Wosia wake umeshafika nusu. Nyumba, shamba la pamba na ng'ombe wa zizini ni vya wanawe wa kiume. Waliobaki ni ng'ombe kumi na tisa aliowaweka kwa marafiki wa vijiji vingine, kama wafugaji wengi wa Kisukuma wafanyavyo ili ugonjwa au ukame usiwamalize wote kwa mara moja. Hao anataka wawe wa Bernadeta, kitindamimba wake, aliyebaki nyumbani kumwuguza. Ila majina ya wanaowafuga hataki kuyatoa.

"Nikiyataja, vijana watawafuata kabla sijafa," anasema. "Binti, kwani unataka kunizika leo?"

"Sikuziki, babu. Natafuta ng'ombe."

Watu wanaosubiri kivuko wanacheka, na mzee naye anacheka. Lakini kivuko kinaporudi anapanda bila kuweka dole gumba. Suzana anaichomoa karatasi taratibu na kuitia kwenye bahasha, akaandika juu yake kwa kalamu: Mhoja, bado.

Swali lile halikutoka kwenye kitabu chochote. Baba yake alifariki mwaka 1969, Suzana akiwa darasa la tano. Aliacha ng'ombe watatu zizini na wengine, kwa kumbukumbu ya mama yake, wasiopungua kumi na mmoja nje. Baba alikuwa na desturi ya kwenda kuwatazama peke yake, tena kila safari kwa njia tofauti. Siku ya kuondoa matanga walijitokeza watu wawili, kila mmoja akiswaga ng'ombe mmoja. Wale tisa waliobaki hawajaonekana hadi leo, na Suzana hakurudi shule.

"Siwezi kusema waliibwa," anasema kwa sauti ya chini. "Labda walikufa kwa ugonjwa wa ndigana. Labda kuna mtu alikaa anasubiri aulizwe, na sisi hatukujua wa kumwuliza."

Alipata kazi ya ufagizi kwenye ofisi ya chama cha ushirika mjini Mwanza. Saa za chakula, makarani wakiwa wametoka, alijifunza kuchapa kwenye karatasi zilizoharibika, kidole kimoja kimoja. Mwaka 1993 wafanyakazi walipopunguzwa, ofisi iliuza vyombo vyake. Sehemu ya kiinua mgongo chake ikaishia kwenye taipureta hii, ambayo herufi yake ya "k" hupanda juu kidogo ya wenzake.

Leo, mwaka 1998, akiwa na miaka 41, huchapa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja na, kila wiki, wosia wa watu wawili watatu. Hutoza shilingi mia tano kwa ukurasa.

"Mimi si mwanasheria," husema kwa kila mteja. "Kazi yangu ni kuuliza."

Huuliza rangi ya kila ng'ombe, pembe zake, ndama wake, na jina la anayemfuga. Kisha humshauri mteja amlete huyo mfugaji ashuhudie pamoja na watu wa ukoo na majirani. Akimaliza kuchapa husoma wosia wote kwa sauti, halafu humwelekeza mteja kwa karani wa mahakama.

Wiki mbili zinapita. Asubuhi moja Mzee Mhoja anashuka kwenye kivuko akiwa na Bernadeta, ndugu wawili wa ukoo wao na wanaume wengine watatu wanaomfugia ng'ombe.

Anakaa palepale. Anaeleza kwamba alikwenda kuwaona ng'ombe wake, akakuta mmoja wa wale marafiki alishazikwa tangu mvua za vuli. Kijana wa marehemu hakujua kwamba saba kati ya ng'ombe wa zizi lile si wa baba yake. Alikuwa akijiandaa kuwapeleka mnadani.

"Kijana hana kosa," anasema mzee. "Nani angemwambia? Tulijua wawili tu, na mmoja amekwenda. Binti, andika."

Suzana anaitoa ile bahasha. Inachukua asubuhi nzima. Nkwabi, mmoja wa wafugaji, anafuta wino kwenye dole gumba lake, kisha anasogeza kiti.

"Mama, na mimi nina sita nje."

"Miaka yote hii ulikuwa unanificha?" Mhoja anamtania.

"Si tulikuwa tunafichana?"

Jioni, baraza likiwa tupu, Suzana anafunga taipureta na kukiri jambo. Ana kiwanja Buswelu, nje kidogo ya mji wa Mwanza, alichokinunua kidogo kidogo. Stakabadhi zimo chini ya kitambaa cha sanduku la mashine hii, na mipaka anaijua peke yake. Wosia wake hajawahi kuuchapa.

"Nimewauliza watu miaka minne," anasema. "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Binti yake, Hellen, yuko kidato cha pili na anakuja likizo Jumamosi. Kabla ya kuchapa neno lolote, Suzana amepanga kumpeleka Buswelu, amwonyeshe jiwe la kwanza la mpaka, halafu amwache ayatafute matatu yaliyobaki mwenyewe.