Venanti Alivyoinua Bodi

Venanti wa Kibondo alizaliwa mfupi na akakua mfupi, na jambo hilo halikumsumbua mtu ila yeye mwenyewe. Alianza kwa kuosha magari ya mapadri, akapanda akawa dereva wao, na mapadri walipoichoka Landrova yao kuukuu wakamwachia. Tangu hapo hakukanyaga tena chini. Hata kwa jirani wa kuazima chumvi alikwenda kwa gari, na honi akapiga.

Mkewe, Immakulata, mimba ya kwanza ilipokomaa alikwenda Mabamba kujifungua kwa mama yake. Akapata mtoto wa kiume, mzima. Ikabaki kurudishwa Kibondo. Lakini mama yake, Niyitegeka, alikuwa mtu ambaye neno likishamtoka halimrudii. Akatuma ujumbe: "Binti yangu hatasafiri na mtoto mgongoni kwenye tope. Mkwe alete hilo gari analojisifia hadi mlangoni pangu. Gari lisipofika mlangoni, mama na mtoto wanabaki kwangu."

Yalikuwa masika ya mwaka ule wa Operesheni, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya. Nyumba ya Niyitegeka iliwekwa kando ya barabara ili maendeleo yamfikie. Kilichomfikia kwanza kilikuwa maji ya mvua, yaliyoteremka barabarani yakaingia hadi jikoni. Basi yeye na wenzake wakapandisha tuta kukata barabara, maji yakageuka. Na kwa kuwa Muha haachi udongo mzuri ukae bure, Niyitegeka akapanda viazi vitamu juu yake.

Malori yalilivuka tuta lile. Landrova ya Venanti ilipanda, ikakaa juu yake kwa tumbo, magurudumu yakazunguka hewani. Watu wakaisukuma kinyumenyume, na mama mkwe akatazama kutoka dirishani.

Venanti akaipeleka Kasulu kwa fundi Isihaka, mtu mwenye kitambi na maneno.

"Kuna njia mbili, bwana," Isihaka alisema. "Tuinue springi au tuinue bodi. Springi nikiziongeza vyuma, chesisi, ile fremu ya chini, inanyanyuka na tumbo lote linanyanyuka. Ila vyuma hivyo ni hadi viletwe kutoka Kigoma, na ukishavifunga utarushwarushwa kama mchele kwenye ungo."

"Na bodi?"

"Bodi naifungua, naweka vipande vya mninga kati yake na chesisi, nafunga. Kesho uko njiani. Ila chesisi inabaki pale pale ilipo."

"Ipi inanyanyua zaidi?"

"Kwa macho? Springi ni vidole vinne. Bodi ni shibiri nzima."

Venanti akafikiri. Uwanjani pale lilisimama gari la bwana afisa mmoja, na paa lake lilikuwa limeipita Landrova yake kidogo tu. Kidogo kiasi cha shibiri.

"Inua bodi," alisema. "Chesisi nani ataiona?"

"Bwana, nimekuambia tumbo litabaki..."

"Fundi, gari ni lako au langu?"

"Lako."

"Basi inua."

Kesho yake Landrova ilisimama kama twiga. Mpini wa gia ulizama sakafuni, kila akitaka kubadili gia alipenyeza mkono shimoni kama anayetafuta panya. Kupanda kiti cha dereva ilibidi akanyage kigoda. Lakini akishakaa! Watu wa Kasulu aliwaona utosi.

Mabamba walimwona kabla hawajamsikia. Akapiga honi, akakanyaga mafuta, akalipanda tuta. Tumbo likakaa pale pale lilipokaa mara ya kwanza. Tofauti ilikuwa kwamba sasa alikwama huku akionekana na kijiji chote.

Akatambaa uvunguni na jembe. Mara akaona miguu ya mama mkwe. Mkwe hatazamani na mama mkwe wake, wala hawasemeshani ana kwa ana, basi Venanti akageuza uso. Niyitegeka naye akageuka akatazama kilima, akamwita binti yake.

"Immakulata, muulize aliye chini ya gari: amefika mlangoni?"

"Mume wangu, mama anauliza umefika mlangoni?"

"Mwambie mlango nauona."

"Hata mwezi mimi nauona," alisema Niyitegeka. "Muulize, jembe ni la nini?"

"Nataka nikwangue tuta kidogo tu."

"Mwambie viazi vyangu vinakomaa mwezi wa tano. Akigusa mzizi mmoja, asiniite mkwe."

Immakulata alikuwa akicheka hadi mtoto mgongoni akaamka akalia. Kilio kile Venanti alikuwa hajawahi kukisikia. Akaacha jembe.

Vijana wakaja wakalisukuma tena gari kinyumenyume hadi kando ya barabara, arudi Kibondo. Alishapanda, mkono umo shimoni kwenye gia, akaangalia kiti kitupu cha pembeni. Akashuka.

"Liacheni hapo hapo," alisema. "Muulizeni mama, shamba lake la maharage nani analipalilia?"

Akapalilia yeye. Alilala garini, akala chakula alichowekewa nje, akatembea kwa miguu kwenda mtoni na kurudi kama watu wengine. Wapita njia walimsalimia kwa heshima wakangoja wafike mbali ndipo wacheke. Mwezi wa tano alivuna viazi vya tutani kimoja kimoja, akalisawazisha tuta, akawasha gari. Likafika mlangoni, mbele ya mashahidi. Barabara ilikuwa kavu. Hata baiskeli ingefika.

Immakulata akapanda na mtoto. Niyitegeka akapakia gunia la viazi, akatazama kilima.

"Immakulata, mwambie analima vizuri. Mwakani aje tena. Gari aliache."