Mkono wa Shangazi Ndani ya Gunia

Na bado mnapita mnaoneshana kwa vidole, eti mashine ya Shangazi ndiyo imeua! Imeua nani? Semeni mbele yangu basi!

Shangazi yangu anasaga unga tangu mimi sijaota meno. Nyusi nyeupe, kope nyeupe, na masikio yameshachoka na ule muungurumo, kwa hiyo hata salamu anakupigia kelele. Hasagi cha mtu kabla hajazamisha mkono kwenye gunia mpaka kwapani, atoe konzi ya chini kabisa. Anawajua. Mahindi mazuri mnayaweka juu.

Siku ile akaja fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Gunia lake lilikuwa limelala sakafuni, chini ya meza ya kukatia vitambaa, msimu mzima wa mvua. Mkono wa Shangazi ukatoka na ukungu wa kijani.

"Jirani, hii sumukuvu. Sisagi."

"Wewe mama unasaga au unapima wagonjwa?"

"Leo napima. Kamwage."

"Si nimeyaosha, nikayaanika? Yakikobolewa uchafu wote unabaki kwenye pumba. Halafu unga tunaupika kwa moto, mama, hatuupiki kwa barafu!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Shangazi akapaza sauti: sumu imeshaingia ndani ya punje, haioshwi ikatoka, wala haifi jikoni. Fundi akajitwisha gunia, huyoo, akavuka barabara. Mashine ya ng'ambo haina maswali. Unga ukatoka mweupe pee, akapita nao mlangoni kwetu akimpungia Shangazi mkono.

Wakaula, yeye na mkewe. Macho yakawa ya njano, matumbo yakajaa maji. Fundi tumeshamzika. Mkewe yuko wodini, hajitambui.

Ndugu zake wakasema, "Siku zote alikuwa anasaga kwa yule mama." Basi, bwana afya akaja, akatupiga kufuli. Ng'ambo wanaendelea kusaga.

Shangazi anashinda kizingitini. Kumbe nyusi zake ni nyeusi, sikuwahi kuziona. Nikamwambia twende tukawafumue wale wa ng'ambo. Akajibu taratibu, yeye asiyejua kunong'ona: "Ningelimwaga mwenyewe lile gunia."

Sasa nyinyi mliokuwa kwenye foleni. Mlisikia, mlicheka, leo mmekuwa mabubu. Kesho asubuhi nendeni kwa bwana afya mkaseme mlichokiona. Na kabla hamjatoka nyumbani, zamisheni mikono kwenye magunia yenu, mpaka chini. Mkikuta kijani, mwageni.