Mama Bure na Sinema ya Kichwa Chini

BABU ANABAKI KWETU! Jamani, anabaki! Haendi popote! Baba mkubwa mwenyewe ametamka kwa mdomo wake, amekaa juu ya ndoo, gizani, na hakuna aliyemshikia fimbo. Nimeruka mpaka kandambili imekatika.

Haya, nipumue kwanza. Nikianzia hapa hamtaelewa. Na mkielewa mtaogopa, maana hata mimi huku naandika vinyweleo vimesimama.

Naishi na shangazi yangu, dada yake baba. Kazi yake ni kupiga pasi nguo za watu, pale pale chumbani kwetu, chumba cha mbele kinachotazama barabara. Mtaani wanamwita Mama Bure. Wengine kwa mapenzi, wengine kwa kumchoma, si unajua hilo neno lina sura mbili: bure ya kutolipa, na bure ya "bure kabisa wewe". Yeye anaitikia zote.

"Ndiye mimi," anasema. "Bure kabisa, na raha zangu zote bure."

Na kweli, shangazi ana ramani ya raha kichwani. Anajua bendi inafanya mazoezi wapi, na ukuta gani ukiegemea unasikia mpaka mpiga gitaa akikohoa. Anajua seremala anayekubali watoto wajirushe kwenye maranda. Anamjua mlinzi wa lile jengo refu, kwa hiyo tukitaka upepo tunapanda ngazi mpaka juu, tunakaa, tunaona mji wote umelala miguuni kama mkeka. Duka la viatu ndiyo usiseme. Anasimama nje, anavivaa vyote kwa macho, halafu ananiambia, "Twende, hivi nimeshavichoka."

Hiyo ya kutafuta raha za bure hakuizua yeye, kairithi. Nitafika huko.

Sasa, dirisha la chumba cha mbele lilivunjika kioo. Mwenye nyumba kasema analeta kingine, na mpaka leo anakileta tu, sijui kinatoka mwezini. Shangazi akapigilia plaiwudi. Chumba kikawa giza tii mchana kweupe. Ila msumari mmoja ulichomoka, ukaacha katundu kama punje ya dengu.

Mchana mmoja wa jua kali nasikia ukelele. Nakimbia, namkuta shangazi kashika pasi juu, katoa macho, anatazama shuka jeupe la mteja alilolitundika ukuta wa ndani.

"Nimeliunguza?" ananiuliza. "Niambie ukweli, nimeliunguza?"

Kwenye shuka kulikuwa na mtu anatembea. Kichwa chini, miguu juu.

Mdogo hivi, ana rangi zake kamili, shati la bluu na mfuko mkononi. Anakanyaga barabara iliyoko juu kama dari. Nyuma yake nyumba ya mbele yetu imening'inia kama popo, mbingu iko sakafuni. Akatembea, akatembea, akaisha pembeni mwa shuka. Kimya kabisa.

Nilikimbilia uani, sitaki hata kuwadanganya. Baadaye nikatafuta kwenye simu, kumbe ni kitu cha kweli, mwanga wa nje unapita kwenye katundu, unapinduka, unaweka picha ndani. Unahitaji giza ndani, jua nje na tundu dogo. Shangazi akapiga makofi. "Sinema! Tumepata sinema ya bure!"

Tukawa tunaangalia kila mchana. Inapendeza, lakini inatisha pia, siwezi kuwaficha. Wale watu hawajui kama unawaona. Na sauti haikai na picha. Muuza barafu wa baiskeli, kwa mfano. Kengele yake inasikika inatokea upande wa reli, sawa, halafu ukutani baiskeli inaingia kutoka upande wa soko. Sauti inakwenda huku, mtu anakwenda kule.

"Shangazi, huyu anayepiga kengele na huyu anayeonekana si mtu mmoja."

"Usianze mambo yako," akasema, lakini alivuta kiti karibu na changu.

Aliyeipenda kuliko wote ni babu, baba yake shangazi, tunayeishi naye. Akili ya babu imeanza kutoka na kurudi. Anamtafuta bibi, na bibi tulimzika zamani. Anatoka tu nyumbani, anakwenda. Keshapotea, tukampata, kapotea tena, akaletwa na watu tusiowajua, hana kiatu. Hapo baba mkubwa, kaka yake shangazi, akaja, hakukaa hata chini.

"Akipotea tena, mara moja tu, namchukua. Nimeshaongea na nyumba ya wazee, kitanda kipo."

"Kaka, kule hamjui mtu."

"Na huku anamjua nani? Mimi mwanawe kaniita fundi bomba."

Alipoondoka, shangazi alipiga pasi shati lile lile mpaka nikamnyang'anya.

Lakini mbele ya sinema babu alitulia! Anakaa tangu tunamaliza kula mpaka jua linaondoka, hainuki. Anawasema wale watu. "Tazama yule, kavaa kofia miguuni. Na yule anakimbilia mwanamke, huyo." Mimi ananiita mchumba, na bibi alipokuwa hai alikuwa mke mwenzangu, tulikuwa tunagombania babu mpaka nyumba inacheka.

Ndiyo maana siku babu aliponyoosha kidole na kusema, "Mchumba, mke mwenzio yule," mimi nilicheka tu.

"Wapi?"

"Pale. Kasimama ananingoja. Gauni lake la njano."

Natazama, naona nguzo na ukuta. Sioni mtu.

"Wote wako kichwa chini," babu akasema, kwa upole, kama anayenifundisha kusoma. "Yeye tu kasimama vizuri."

Kucheka kukaniishia. Na kila siku ikawa hivyo. Yupo, anangoja.

Basi ikafika juzi. Baba mkubwa alikuwa kasema atapita jioni kumwangalia babu. Shangazi yuko uani anaanika, mimi niko mbele ya shuka narekodi na simu, babu nyuma yangu kwenye kiti chake.

"Keshafika," babu akasema.

"Nani, mke mwenzangu? Msalimie. Mwambie mimi bado mrembo kumpita."

Akacheka. Kiti kikalia, nyee. Nikasikia pazia la mlango wa uani kama limeguswa na upepo. Sikugeuka, jamani, nilikuwa narekodi.

Kidogo tu, kwenye shuka akaingia mzee. Kichwa chini kama wote. Kofia nyeupe, fimbo, anatembea polepole, kanyoosha mkono mmoja pembeni kama mtoto anayevushwa barabara. Shati limekosa kifungo cha katikati. Nikasema, "Babu, hebu ona huyu mzee, shati lake kama la..."

Nikageuka.

Kiti kilikuwa kitupu. Nikakigusa, bado cha moto.

Sikumbuki nilipigaje kelele. Shangazi akaja na nguo mbichi begani. Geti la uani lilikuwa wazi. Yeye alikuwa nyuma ya mashuka anaanika, hakumwona akipita.

"Kaenda wapi?"

"Nimemwona ukutani! Kaelekea upande wa soko!"

Tukatimua upande wa soko. Na barabara ile imenyooka, jamani, unaona mpaka mwisho. Tupu. Jua linachoma, mbwa hayupo, kuku hayupo. Babu anatembea kama anahesabu mchanga, asingeweza kufika mbali. Tukamuuliza fundi wa gereji aliyekaa mlangoni kwake.

"Hapa hajapita mzee. Hajapita mtu yeyote tangu nimalize kula."

Shangazi akanigeukia. Uso wake sijawahi kuuona vile.

"Ulimwona kweli?"

"Nilimwona ukutani."

 Najua shangazi aliwaza nilichowaza mimi, kwamba babu hayuko nje. Yuko kule kule, ndani ya lile shuka, anatembea kwenye dari na mtu aliyekuwa anamngoja. Simu ikaita mkononi mwa shangazi. Baba mkubwa. Hakupokea, aliiachia iite mpaka ikachoka.

Hapo ndipo nikasikia kengele. Muuza barafu. Nyuma yetu, mbali, upande wa reli. Na kichwani nikaiona baiskeli yake ukutani, inavyotokea kila siku upande wa soko.

"Shangazi! Tumefuata picha!"

"Unasema nini?"

"Picha imegeuka! Kama kichwa ni chini, basi na kushoto ni kulia! Ukutani akienda soko, huku nje anakwenda reli!"

Shangazi hakuniuliza tena. Alivua kandambili, akashika gauni, akakimbia. Sikujua kama ana mbio zile, alinipita mimi mwenye miguu ya shule.

Tukamkuta muuza barafu.

"Mzee wa kofia nyeupe? Nimepishana naye kwenye reli. Anacheka."

"Na nani?"

"Peke yake." Akafikiri kidogo. "Ila alikuwa anatembea ukingoni, kaacha nafasi kama yuko na mtu."

Shangazi akasimama ghafla. Akasema, taratibu, "Najua alipo."

Ng'ambo ya reli kuna jengo kubwa la zamani, siku hizi ni ghala la magodoro. Kumbe zamani lilikuwa ukumbi wa sinema. Mimi sikujua, na simu yangu pia haikujua. Babu na bibi walipokuwa wachumba hawakuwa na cha kulipia kiingilio, kwa hiyo walikaa nyuma, kwenye kizingiti cha mlango wa dharura, wakasikiliza filamu kupitia ukuta. Picha wakazitunga wenyewe. Miaka na miaka. Shangazi alipozaliwa wakawa wanakwenda naye mgongoni. Si nimewaambia hii tabia kairithi?

Tukazunguka nyuma. Babu huyo hapo. Kakaa kwenye kizingiti, fimbo kati ya magoti, sikio ukutani. Kakaa pembeni kabisa, nusu ya kizingiti kaiacha wazi. Shangazi akataka kukaa pale.

"Hapo kuna mtu," babu akasema.

Shangazi akakaa chini kwenye vumbi, hakubisha. Tukasubiri naye mpaka alipoinuka mwenyewe. "Imekwisha," akasema. "Nzuri sana."

Tunafika nyumbani, baba mkubwa yuko mlangoni, simu sikioni. Nilitamani shangazi adanganye, hata kidogo. Hakudanganya.

"Alitoka, kaka. Nimempata."

"Basi," baba mkubwa akasema. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ikawa mbaya zaidi. "Mfungie nguo zake."

Shangazi akaingia ndani. Nikasikia sanduku linavutwa chini ya kitanda. Mimi nimeshaanza kulia kimoyomoyo. Babu ndiye aliyemshika baba mkubwa mkono wa shati, akamvuta mpaka chumba cha giza.

"Kaa. Jua bado lipo."

Kiti ni kimoja, cha babu. Baba mkubwa, na suruali yake yenye mkunjo wa pasi, akakalia ndoo. Mwanzoni hukioni kitu, lazima macho yazoee. Halafu barabara ikaja juu ya shuka, na mama mmoja akapita na mtoto, kichwa chini, wanaongea bila sauti. Baba mkubwa akainama mbele mpaka ndoo ikalia.

"Hii ni nini?"

"Nyamaza, mwanangu," babu akasema. Mwanangu! Halafu akamtaja jina lake, lile la utotoni, ambalo mimi sikuwa nimelisikia hata siku moja. "Mama yako anauliza mbona umekonda."

 Baba mkubwa alikaa pale mpaka picha ikafifia na shuka likabaki shuka. Shangazi kasimama mlangoni, sanduku mkononi. Na gizani, huku anajifuta uso akidhani hatumwoni, baba mkubwa akasema:

"Abaki. Lakini lile geti la uani litawekwa komeo, na nalileta mwenyewe. Na hiki chumba kitakuwa na kiti changu."

"Njoo na kiti chako," shangazi akasema, "hapa hatukodishi ndoo." Tukacheka wote kama vichaa, na sanduku likarudi chini ya kitanda.

Komeo limewekwa jana. Jana hiyo hiyo nikaifungua ile video. Babu anapita, kichwa chini, mkono kaunyoosha. Na pembeni yake, anamshika mkono, kuna kitu cha njano. Kimesimama vizuri. Niligeuza simu ili babu akae sawa, na yeye wa njano akawa kichwa chini. Nikairudisha. Nikageuza tena. Nikaizima, nikaenda kukaa karibu na watu.

Shangazi kaitazama, halafu kasema ni gauni la mteja, alilitundika kwenye msumari kando ya shuka. Sawa. Gauni lilikuwepo, ni kweli, la njano. Lakini gauni la msumarini halishiki mtu mkono, na shangazi anajua, kwa sababu tangu jana anapopiga pasi anaacha nafasi pale karibu na kiti cha babu, hapiti.

Mimi bado naogopa. Ila babu anacheka kila mchana, na sijaona raha nyingine ya bure inayofanya hivyo. Kama nyumbani kwenu kuna mzee asiyetulia, zibeni dirisha, toboeni katundu, tundikeni shuka jeupe, mkae naye. Na mkumbuke, ukutani kulia ni kushoto. Tafadhali mtumie mwenzako hii naye aisome.