Barua ya Makao Haitoshi

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kijana aliyelelewa kwenye makao ya watoto akipewa barua ya kuondoka, ameshapewa karatasi zake zote.

Leo asubuhi nilimsindikiza Nasimiyu kwenye kaunta ya pasipoti ya ubalozi wetu wa Kenya, hapa Doha. Yeye ni askari wa lango kule The Pearl, mtaa wa matajiri. Pasipoti yake inaisha mwezi ujao, na bila hiyo kibali cha kukaa hakitaongezwa.

Karani, Mkenya mwenzetu, alisoma fomu akacheka.

"Dada, binti mwingine wa mama huyu alikuja wiki jana. Mmepishana miezi mitatu kuzaliwa. Alizaa vipi?"

Nasimiyu akajibu polepole, "Ni matroni wetu, mlezi wa makao nilikolelewa. Alituandikisha sote kwa jina lake."

(Alifanya kwa huruma, jamani. Lakini huruma haina mhuri.)

Mimi niliwahi kufanya kazi mahakama ya watoto, nikajaribu kumweleza karani kwamba mambo haya hutokea makao.

"Mzee, nakuelewa," karani akasema. " Niletee kitambulisho cha mama, au amri ya mahakama iliyompeleka makao."

Matroni alishafariki. Makao yalifungwa, na mafaili hakuna ajuaye yaliko. Nasimiyu hata hakujua kuna amri. Alipofikisha miaka kumi na minane alipewa barua na blanketi, akaombewa.

Nje akaniambia, "Tule kwanza, Mzee. Zamu yangu ni saa nane."

Nyinyi mngemwambia nini?

Kama unamjua kijana anayekaribia kuondoka makao, mpigie leo umwambie aombe nakala ya amri yake ya mahakama.